UZI: Kazi ya deki kwenye meli za mizigo, mambo ya kujua kabla hujapanda ngazi ya meli

Wakuu, salaam.

Vijana wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa wananiandikia faragha na wengi wanauliza swali moja: "Kaka, meli nitaipataje?" Ukiwadadisi kidogo unakuta wengi wameshaombwa hela na mtu, na baadhi wameshatoa. Nimeona niandike kwa urefu hapa ili anayekuja na swali hilo asome. Nitazungumzia deki tu, yaani kazi za juu ya meli: kamba, rangi na zamu. Wa injini na wa jikoni wapo humu, nao watufungulie nyuzi zao.

Nisipoanza na hili, yote yanayofuata hayatakuwa na faida: kazi halali ya meli hainunuliwi. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ndio ule tunaouita MLC, ulioanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama unazoweza kubebeshwa wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo mtu akikwambia nafasi ipo lakini "weka kitu kidogo faili litembee", huyo anakuuzia kitu ambacho sheria inasema hakiuzwi.

Mchezo wao unafanana kila bandari. Unaonyeshwa barua yenye nembo, jina la meli, bendera ya Panama, na mshahara mnono kwa kijana ambaye hajawahi hata kulala melini. Inaanza hela ya faili. Ukitoa, inakuja hela ya viza, kisha ya bima, kisha simu haipokelewi. Kuna mdogo wangu wa mtaani ambaye familia yake iliuza shamba la minazi kwa ajili ya barua ya namna hiyo. Meli iliyotajwa ndani yake ilikuwa imeshavunjwa kuwa chuma chakavu.

Kulijua hilo mapema hakukuhitaji pesa. Kila meli ya biashara inayokwenda mataifa ina namba ya IMO (shirika la kimataifa la bahari) yenye tarakimu 7. Jina hubadilika, bendera hubadilika, mmiliki hubadilika, namba haibadiliki mpaka meli inakufa. Mwambie wakala akupe namba hiyo. Ingia mtandao wa Equasis, jisajili bure, iandike. Utaona umri wa meli, nani anaisimamia, na mara ngapi wakaguzi wa bandari wameizuia. Wakala asiyeweza kukupa namba ya meli, achana naye hapohapo.

Sasa kazi yenyewe.

Kwenye deki unaanza OS, baharia wa kawaida. Ukikomaa unakuwa AB, baharia kamili. Juu yenu yupo bosuni, ndiye anayepanga kazi ya siku na kupokea maagizo kutoka kwa chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha. Mimi nimepita ngazi zote hizo kwenye meli za shehena kavu na za kontena, na bosuni ndiyo kazi yangu sasa. Baadhi yenu mtawekwa kazi za mchana tu, wengine mtashika zamu briji, chumba cha juu cha kuongozea meli. Zamu ni saa nne kazini, nane nje. Kuna ya saa sita hadi saa kumi, ya saa kumi hadi saa mbili, na ya saa mbili hadi saa sita, mchana na usiku vilevile. Ya saa sita hadi saa kumi ndiyo inayokula watu, maana usingizi wako unakatwa vipande viwili kila siku.

Usiku briji ni giza totoro, na huna ruhusa ya kuwasha hata simu. Kazi yako ni macho. Ukiona taa nyekundu ya meli nyingine, unatazama ubavu wake wa kushoto. Kijani ni wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja na nyeupe kwa juu, jua inakujia uso kwa uso, mwambie ofisa papo hapo, usingoje uhakika. Rada haioni kila kitu. Kwenye maji yetu haya, kuanzia Mafia mpaka Lamu, kuna wavuvi wanaolala kwenye mitumbwi na ngalawa bila taa, na mbao haionekani vizuri kwenye rada, hasa bahari ikichafuka. Mwambao huu kijana wa kwetu ana faida, kwa sababu anajua mvuvi hukaa wapi na hutoka saa ngapi. Nimewaona maofisa wa nje wakimwita AB wa Kitanzania briji kwa sababu hiyo tu.

Mchana ni kutu. Wageni huidharau kazi hii, nami naipenda. Nyundo ya kutu unaipiga kwa pembe, si kwa uso mzima, mpaka gamba lililovimba lipasuke na chuma cheupe kionekane. Kisha brashi ya waya. Kisha maji matamu ya kutosha kuondoa chumvi, na unasubiri pakauke kabisa. Ndipo unapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu ya pili, halafu ile ya juu. Mvivu hupaka juu ya chumvi, panapendeza siku ya ukaguzi, na safari haijaisha rangi imefanya malengelenge na kutu imerudi kwa nguvu zaidi. Vaa miwani na vizibo vya masikio hata kama wenzako hawavai. Masikio hayapigwi rangi yakapona.

Ila nataka nikae zaidi kwenye kamba, maana hapo ndipo deki inapoua na hapo ndipo vijana wanapoingia wakicheka.

Meli inaingia gatini, tuseme Kilindini. Rubani wa bandari yuko briji na nahodha, tagi, boti za kuvuta na kusukuma meli, ziko ubavuni. Omo, mbele ya meli, tupo bosuni na watu wachache pamoja na chifu ofisa; tezi, nyuma, wapo wengine na ofisa wa pili. Unarusha kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni, watu wa gatini wanaidaka, wanaivuta, nayo inaivuta kamba kubwa mpaka kitanzi chake kinaingia kwenye kigingi cha gati. Halafu winchi inaanza kukaza. Hapo meli yenye uzito wa maelfu ya tani inaning'inia kwenye kamba ulizo nazo miguuni pako.

Kamba ya nailoni huvutika sana kabla haijakatika. Nguvu yote iliyojikusanya ndani yake hurudi mara moja ikikatika, na kipande kinachorudi huwezi kukiona kwa macho, achilia mbali kukikwepa. Ikikaribia kukatika huwa inakwambia: inatoa mlio mwembamba pale inaposuguana na chuma, na nyuzi ndogondogo zinasimama juu yake. Ukisikia mlio huo usigeuke kutazama. Toka. Kamba za kisasa nyepesi hazivutiki hivyo, lakini nazo zinakatika bila kusema neno.

Zamani tulikuwa tunachorewa mistari sakafuni kuonyesha sehemu za hatari. Mabaharia wakawa wanasimama nje kidogo ya mstari wakiamini wamesalimika, ilhali kamba inayopita kwenye roli na kupinda kona hurudi kwa njia ambayo mchoraji hakuifikiria. Siku hizi mafunzo mengi yanasema uchukulie eneo zima la kufungia meli kuwa ni la hatari. Tena usiweke mguu ndani ya duara la kamba, hata kamba ikiwa imelegea, hata kwa sekunde moja ya kuchukua kitu. Na usiikalie.

Tangu 1 Januari 2024 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, zinaitaka meli iwe na kumbukumbu za ukaguzi na matunzo ya kamba zake za kufungia. Kwa hiyo OS mpya ukiona kamba imechakaa, imeliwa na jua au imechubuka ndani ya kitanzi, sema. Hukosi adabu kwa kusema. Mimi bosuni namheshimu zaidi anayenionyesha kamba mbovu kuliko anayenijibu "ndiyo bosi" kutwa nzima.

La pili linaloua ni hewa. Chumba cha mnyororo wa nanga, tangi tupu la maji ya kusawazisha meli, tumbo la meli lenye magogo, makaa ya mawe au vyuma chakavu: humo oksijeni huliwa kimyakimya. Kutu yenyewe hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21, na ndani ya tangi lililofungwa muda mrefu inaweza kushuka kiasi cha kukuangusha kabla hujajua unaumwa. Haina harufu wala rangi. Anaanguka wa kwanza, mwenzake anamwona, huruma inamshika, anashuka bila kifaa, anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. Huu ni mtindo unaojirudia dunia nzima, na ndiyo maana tangu Januari 2015 meli zinatakiwa kufanya zoezi la kuingia na kuokoa mtu sehemu hizo angalau kila miezi miwili.

Kabla ya kuingia lazima mahali papulizwe hewa, papimwe juu, katikati na chini, kibali kiandikwe, na mtu abaki mlangoni akiwa na redio. Ukitumwa uingie "mara moja tu" bila kipimo, kataa. Na ukimwona rafiki yako amelala chini mule ndani, piga kengele na uite watu wenye mitungi ya hewa. Kaa hapo mlangoni. Najua ni kitu kigumu kumwambia Mswahili asimkimbilie ndugu yake, lakini ukishuka tutakuwa na majeneza mawili.

Karatasi sasa, nitapita haraka. Kozi za msingi chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ni nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Ongeza ya ulinzi wa meli. Tanzania tunasoma DMI, chuo cha bahari pale Dar, Kenya wanasoma Bandari Maritime Academy, Mombasa. Mamlaka za serikali zinazosimamia mabaharia ni TASAC kwa bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Cheti cha afya hakizidi miaka miwili, na macho yanapimwa pia kwa rangi, kwa sababu ya zile taa nilizotaja. Kama unachanganya nyekundu na kijani, kapime hilo kabla hujalipa ada ya kozi yoyote.

Baada ya hapo kinachobaki ni muda wa baharini. Ili upewe cheti cha kushika zamu briji unahitaji miezi 6 ya baharini, au miezi 2 ikiwa umepitia mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Ili uwe AB unahitaji kuwa na hicho cha kwanza, uwe umefikisha miaka 18, na uwe na miezi 18 ya kazi ya deki, au 12 pamoja na mafunzo yaliyoidhinishwa. Huu ndio mlango mwembamba. Meli zinataka mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila meli. Matapeli wanasimama hasa mlangoni hapa, na nawaombeni mnielewe kwamba sisemi hivi kuwavunja moyo. Mlango unapitika.

Ulizeni, nitajibu kadiri intaneti ya meli itakavyoruhusu.

#2 | Kijana wa Likoni
Ahsante sana kaka, umenifungua macho. Swali langu: mkataba ukishawekwa mbele yangu, niangalie nini? Na mshahara halali wa AB ni kiasi gani?

#3 | Mleta uzi
Karibu ndugu yangu. Kwanza usitie saini siku hiyohiyo. Sheria inakupa nafasi ya kuusoma na kuomba ushauri, na lazima ubaki na nakala yako. Angalia jina la mwenye meli, si la wakala peke yake. Angalia mshahara wa msingi umeandikwa kando na saa za ziada, maana wengine wanachanganya vyote ili ionekane nyingi.

Kiwango cha chini kinachotambuliwa na ILO, Shirika la Kazi Duniani, kwa AB kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia 1 Januari 2025. Huo ni msingi tu, saa za ziada na likizo vinakuja juu yake. Likizo ni siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi. Meli zenye mikataba ya ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, hulipa zaidi ya hapo. OS anapata pungufu ya AB. Mshahara unatakiwa kulipwa angalau kila mwezi na upewe karatasi ya hesabu, na una haki ya kuagiza sehemu ya pesa iende nyumbani moja kwa moja. Hilo la nyumbani lifanye tangu mwezi wa kwanza.

Saa za kupumzika: si chini ya 10 katika kila saa 24, wala si chini ya 77 kwa siku 7. Unaweza kuzigawa mara mbili tu, na kipande kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi. Kila mwezi utaletewa karatasi ya saa hizo uisaini. Kwenye meli zenye watu wachache na bandari za karibukaribu, karatasi huwa safi kuliko ukweli. Andika saa zako halisi kwenye daftari lako mwenyewe. Siku ya ajali, daftari hilo ni shahidi wako.

#4 | Mama Kadeti
Habari kaka. Mimi ni msichana, niko chuoni na ninataka deki, si ofisi ya bandarini. Nyumbani wananiambia deki si mahali pa mwanamke. Ukweli ukoje?

#5 | Mleta uzi
Salama dada yangu, hongera kwa kuchagua deki. Ukweli ni kwamba mtakuwa wachache. Ripoti ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, ya mwaka 2021 ilikadiria wanawake 24,059 kati ya mabaharia wote wa meli za biashara duniani, hiyo ni kama asilimia 1.28. Kuna uwezekano mkubwa ukawa peke yako melini.

Kazi yenyewe inawezekana. Winchi ndiyo inayovuta kamba, nguvu za mikono zinahitajika lakini akili ya kusimama pazuri inahitajika zaidi. AB mmoja wa kike niliyefanya naye kazi alikuwa na mkono mzuri wa usukani kuliko wanaume wote wa ile meli. Rubani wa Durban alimwomba ofisa asimbadilishe mpaka watie nanga.

Ulizia mambo mawili kabla ya kupanda: kama chumba chako kina choo chake na kufuli la ndani, na nani unampelekea malalamiko ukisumbuliwa. MLC inataka kila meli iwe na utaratibu wa malalamiko na upewe nakala yake. Na tangu Desemba 2024 yameanza kutumika marekebisho yanayotaka vifaa vya kinga viwe vya saizi inayomfaa mvaaji. Viatu vikubwa na glavu zinazovuka vidole ni hatari kwenye kamba, kwa hiyo dai saizi yako bila haya. Marekebisho hayohayo yanawataka wenye meli wawape mabaharia intaneti pale inapowezekana, na kama kuna malipo yawe ya haki.

Wazee nyumbani usigombane nao. Wapeleke wakaione meli siku ya mahafali.

#6 | Mzee wa Forodhani
Mimi niliacha bahari zamani. Ninachowaomba vijana ni wasitelekezwe. Tulikaa nje ya bandari moja ya Ghuba mwenye meli amekata simu, tukawa tunavua samaki ili tule. Mleta uzi, eleza hilo.

#7 | Mleta uzi
Shikamoo mzee wangu. Pole, na ahsante kwa kulileta.

Wakuu, hili ni kubwa. Kisheria umetelekezwa kama mwenye meli amekataa kukurudisha nyumbani, au amekuacha bila chakula, maji na matibabu, au amekata mawasiliano pamoja na kutokulipa mishahara kwa angalau miezi miwili. Wengi hawaijui hiyo ya miezi miwili. Wanavumilia miezi minane wakiambiwa "wiki ijayo".

Tangu 18 Januari 2017 kila meli iliyo chini ya MLC lazima iwe na cheti cha dhamana ya fedha kwa jambo hili, kibandikwe mahali ambapo mabaharia wanakiona, na kiwe na namba za mtoa dhamana. Dhamana hiyo inalipa hadi miezi minne ya mishahara inayodaiwa, chakula, na nauli ya kurudi kwenu. Ukipanda meli, siku ya kwanza kitafute na ukipige picha. Kama hakipo, jua uko wapi.

Na jambo la kuogopa: meli MV Aman ilizuiwa Misri mwaka 2017, karibu na Suez. Mahakama ikamteua chifu ofisa wake, Msyria, kuwa mlinzi wa kisheria wa meli. Akanyang'anywa pasipoti, wenzake wakaondoka mmoja mmoja, akabaki. Kuna vipindi alikuwa anaogelea hadi ufukweni kupata chakula na kuchaji simu. Aliachiwa Aprili 2021, karibu miaka minne, na ITF ndiyo iliyomsaidia kwa kumweka mtu wao badala yake. Kwa hiyo karatasi yoyote ya mahakama au ya bandari usiyoielewa lugha yake, usiisaini, hata kama wanakuambia ni ya kupokea maji.

Mambo yakiharibika, piga ITF. Mombasa wana mkaguzi wao, na Mission to Seafarers, shirika la kanisa la kuwasaidia mabaharia, pia wapo pale. Mkaguzi wa serikali wa bandari uliyopo naye ana mamlaka ya kuizuia meli kwa mishahara isiyolipwa. Peleka picha za mkataba, karatasi za mshahara na hali ya stoo ya chakula. Peleka mapema.

#8 | Chuma cha Pwani
Mkuu, mbona wengine tunaona njia fupi ni kuzamia tu, yaani kujificha melini? Durban wako jamaa kibao waliotoka Dar kwa njia hiyo.

#9 | Mleta uzi
Ndugu yangu, nakujibu kwa upendo kwa sababu mimi ndiye ninayetumwa kuwatafuta kabla meli haijang'oa nanga.

Tunapekua stoo ya kamba, chumba cha mnyororo, ndani ya boti za kuokolea, juu kwenye bomba la moshi, chini ya vifuniko vya matumbo. Nimewakuta watu wamejibana mahali ambapo mnyororo ungeachiwa dakika ishirini baadaye. Mnyororo wa nanga ukiachiwa hausimami kwa kelele ya mtu. Kuna matumbo ya nafaka yanayofukizwa fosfini, dawa ya sumu ya kuua wadudu, baada ya kupakia. Anayejificha humo haoni hata siku ya kwanza baharini. Novemba 2022 vijana watatu walikutwa Las Palmas wamekaa nje, juu ya usukani wa majini ulio nyuma ya meli ya mafuta Alithini II, wametoka Lagos, siku 11 miguu ikining'inia juu ya maji. Wale walikuwa na bahati isiyosimulika.

Na ukipona, hupati ubaharia. Unapata kufungwa kwenye kabini yenye mlinzi, meli inahangaika bandari hadi bandari kutafuta pa kukushusha, kisha unarudishwa. Nahodha anatakiwa akupe chakula, maji na matibabu, na wengi wanafanya hivyo kwa utu. Lakini wale jamaa wa Durban unaowataja, nimekaa nao nikala nao. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nimpeleke mdogo wake kwa njia hiyo.

#10 | Kijana wa Likoni
Na Bahari ya Shamu kaka? Wakala mmoja ana meli inapita huko.

#11 | Mleta uzi
Uliza njia ya meli kabla ya saini. Tarehe 6 Machi 2024 mabaharia watatu waliuawa kwenye True Confidence karibu na Aden, meli ya mizigo ya kawaida kabisa. Mikataba ya pamoja ya ITF inampa baharia haki ya kukataa kuingia maeneo yaliyotangazwa kuwa ya vita, arudishwe kwa gharama ya mwenye meli bila adhabu, na anayekubali ana malipo ya ziada. Meli isiyo na mkataba wa namna hiyo, haki hiyo ihakikishe imeandikwa kwenye mkataba wako wewe. Maharamia wa Somalia nao hawajaisha: MV Abdullah ya Bangladesh ilitekwa Machi 2024 ikitoka Maputo, ikaachiwa Aprili. Mimi kwa hivi sasa sipiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na sioni aibu kulisema.

#12 | Mwanafunzi DMI
Shule kubwa mkuu. Sasa huo muda wa baharini tuutoe wapi kama hatununui?

#13 | Mleta uzi
Anza na ndogo. Meli za mwambao zinazobeba saruji, mchele na magari kati ya Dar, Unguja, Pemba, Mtwara na Comoro huchukua vijana, na mabaharia wake wakubwa huwa wanajuana na wa meli kubwa. Tagi na boti za bandari pia. Kazi ni ngumu, malipo ni kidogo, na kipindi cha kusi utatapika mpaka uone nyongo, lakini kamba ni kamba na usukani ni usukani. Nenda mwenyewe gatini asubuhi na vyeti vyako, uliza nahodha au bosuni kwa jina, rudi tena wiki inayofuata.

Ila kabla ya kupanda, peleka jina na ukubwa wa meli hiyo TASAC, ZMA au KMA, uwaulize kama muda wake utahesabika kwa cheti unachokitaka. Si kila chombo kinahesabika, na jibu hilo lichukue kwa maandishi. Ukimaliza, hakikisha nahodha amejaza kitabu chako tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, cheo na saini, na muhuri wa meli umepigwa, ukiwa bado uko ndani ya meli. Kile kitabu kipige picha kila ukurasa na uitume kwa mtu wa nyumbani.